Yeremia 29:11 iko kwenye matatu, lakini aya ya 10 nani ameisoma?

Ukipanda matatu Embu kwenda Meru, kuna uwezekano mkubwa utasafiri na nabii Yeremia. Atakuwa kwenye stika juu ya kioo cha dereva, au amechorwa nyuma kwa rangi nyekundu: 29:11. Mtapita naye Runyenjes, mtapita naye Chuka, na mkikaribia Daraja la Nithi, pale kila abiria hunyamaza na kuomba kivyake, yeye bado yuko pale pale anaahidi kesho yenye tumaini.

Nimepita barabara hiyo miaka minne nikisomea Meru. Aya hiyo niliijua kwa moyo kabla sijakariri nambari yangu ya usajili chuoni. Ilikuwa kwenye wasifu wangu wa WhatsApp, kwenye kava ya daftari, hadi kwenye kikombe. Pia ndiyo iliyonigharimu shilingi 6,000.

Ilikuwa hivi. Nikiwa mwaka wa tatu, mhubiri mmoja alitangaza mwezi wa kufunguliwa milango. Alisoma Yeremia 29:11, kisha akaruka hadi Malaki 3:10, akasema ahadi ya kwanza inafunguliwa kwa ufunguo wa pili. Nambari ya kutuma pesa ilikuwa kwenye bango, kubwa kuliko msalaba. Nikatuma. Pesa yenyewe ilikuwa ya kodi. Landilodi, ambaye hakuhudhuria ibada hiyo, alingoja wiki mbili kisha akaweka kufuli lake juu ya langu.

Nilienda kulala sakafuni kwa rafiki yangu Makutano. Alicheka kwanza, tusidanganyane. Halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kwani hiyo barua alikuwa anaandikiwa nani?"

Nikamuuliza, "Barua gani?"

Miaka yote hiyo sikujua kwamba Yeremia 29 ni barua. Usiku huo tuliisoma yote kwa mwanga wa simu, tukarudi nyuma hadi sura ya 28, na hapo ndipo nilipoanza kuhisi nimeibiwa mara mbili.

Barua hiyo ilitoka Yerusalemu kwenda kwa Wayahudi waliokuwa wamechukuliwa mateka hadi Babeli. Walikuwa wamepoteza nyumba, hekalu na nchi. Katika sura ya 28 kuna nabii mwingine, Hanania, ambaye amewaambia watu kile walichotaka kusikia: miaka miwili tu na mambo yatakuwa sawa. Yeremia anampinga hadharani, na Hanania anakufa mwaka uo huo. Kisha ndiyo inakuja barua. Inawaambia mateka wajenge nyumba huko huko, wapande bustani, waoe na kuolewa, wautafutie amani mji uliowateka. Inawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Aya ya 10 inataja muda: miaka 70.

Hebu piga hesabu. Mtu wa miaka 22 akisikia barua hiyo ikisomwa Babeli, muda ukitimia ana miaka 92. Wengi walioisikia walizikwa huko. Ile ahadi tamu ya aya ya 11 ni ya kweli kabisa, lakini ilitolewa kwa taifa zima, kwa safari ndefu, katikati ya ugomvi na nabii wa njia ya mkato. Na mimi nilikuwa nimeinunua kutoka kwa nabii wa njia ya mkato.

Malaki nilimsoma kesho yake, kwa hasira. Ni sura nne tu, unamaliza kabla chai haijapoa. Sura ya kwanza inawashambulia makuhani wanaoleta madhabahuni wanyama vipofu na vilema. Sura ya pili inaanza kwa kuwaambia makuhani kwamba maneno hayo ni yao. Aya tano kabla ya ile maarufu ya zaka, yaani 3:5, Mungu anasema atakuwa shahidi dhidi ya wanaomdhulumu kibarua ujira wake, na mjane, na yatima, na mgeni. Ukitaka kujua zaka yenyewe ilifanya kazi gani, fungua Kumbukumbu la Torati 14 mwishoni: kila mwaka wa tatu iliwekwa akiba mjini, ili Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Sisemi watu wasitoe. Natoa hadi leo. Nasema kwamba kwa kipimo cha Malaki mwenyewe, mwanafunzi aliyefungiwa nyumba yuko karibu zaidi na foleni ya kupokea.

Tangu hapo nimekuwa na tabia ambayo marafiki wanaiona ni ya kuchosha. Mtu akinitumia aya, naenda kusoma sura nzima, ya kabla yake na ya baada yake. Kumbuka nambari hizo hazikuandikwa na Paulo wala Musa. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na nambari za aya za Agano Jipya zilichapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1551, huko Ulaya. Ni anwani tu, za kukusaidia kufika. Programu ya simu inakuletea aya ya siku saa kumi na mbili asubuhi, iko peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni Gakoromone. Kazi yako ya kwanza ni kumtafutia wazazi wake.

Kazi ya pili ni lugha, na hapa sisi watu wa pande za Mlima Kenya tuna hadithi nzito.

Nianze na ndogo. Biblia ya Kiswahili ambayo wengi wetu tuliipata nyumbani ni ile ya Union Version ya mwaka wa 1952, na Kiswahili chake si cha mtaani. Kwenye Waebrania 12:6 kuna neno "humrudi", likisemwa juu ya Mungu na yule anayempenda. Kwa miaka nilidhani maana yake ni kwamba Mungu humrudia mtu, anarudi kwake. Tamu sana. Kumbe "kurudi" hapo ni kumrekebisha mtu kwa adhabu, kama mzazi na mtoto. Maana imegeuka kabisa, na mimi nilikuwa nimeishaifanyia ushuhuda kanisani! Ningefungua Biblia Habari Njema kando yake ningejiokoa aibu hiyo. Kulinganisha tafsiri mbili ni bure, na simu yako inaziweza zote.

Sasa ile nzito. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo Kigari, Embu, mwaka wa 1910. Wamethodisti wakafika Kaaga, Meru, mwaka wa 1912, na Wapresbiteri wa Scotland wakajenga Chogoria kuanzia 1922. Wameru walikuja kupata Biblia nzima kwa Kimeru mwaka wa 1964. Embu walisoma ya Gĩkũyũ, ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1926. Shosho wangu hadi leo anaisoma hiyo, na ukimwambia kwamba yeye si Mkikuyu anakuangalia kana kwamba umemwambia Mungu si wake.

Miaka mitatu baada ya Agano Jipya hilo kutoka, mwaka wa 1929, makanisa yalipasuka kuhusu ukeketaji wa wasichana. Wamisionari waliwataka waumini waukatae kwa kiapo. Chogoria ilipoteza waumini wengi mno. Na katika mabishano hayo, baadhi ya watu walifungua Biblia. Bikira Maria katika tafsiri ya Gĩkũyũ aliitwa mũirĩtu. Kwa Kikuyu cha wakati huo, mũirĩtu si msichana yeyote tu. Ni msichana aliyepitia jando la kike. Ambaye hajapitia ana jina jingine kabisa, na jina hilo ni tusi. Basi wakauliza: kama mama yake Yesu alikuwa mũirĩtu, nyinyi mnatukataza nini?

Ukweli usemwe, hawakuwa wasomaji wavivu. Walisoma kila neno, tena kwa makini kuliko wengi wetu. Shida ni kwamba neno walilolishika lilikuwa limebeba desturi ya hapa, na si ya Nazareti. Neno la Kigiriki lililo nyuma yake humaanisha mwanamwali, bikira, basi. Halisemi lolote kuhusu kisu. Mwandishi wa Injili hakuwahi kulifikiria swali hilo.

Lakini wamisionari nao wasijipe alama zote. Watafsiri walichagua neno bila kuona lilichobeba, na walipoulizwa swali la maandiko, jibu la wengi wao lilikuwa amri. Watu wakajitenga, wakajenga shule na makanisa yao. Kanisa la AIPCA, ambalo ukizunguka Embu na Meru utaliona, lina mizizi katika mpasuko huo. Ukeketaji wenyewe ulikuja kupigwa marufuku kwa sheria mahususi mwaka wa 2011, na bado kuna vijiji ambapo wasichana wanatoroshwa usiku. Kwa hivyo usiniambie kwamba kujua maana ya neno moja ni kazi ya maprofesa.

Kuna aliyenionyesha kwamba kusoma kwa makini hakumfanyi mtu awe baridi. David Gitari aliwahi kuwa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, kisha mwaka wa 1975 akawa askofu wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, ambayo wakati huo ilijumuisha Embu na Meru na kupanda hadi kaskazini. Mtindo wake ulikuwa kuchukua kifungu kizima na kukifafanua hatua kwa hatua. Mwaka wa 1987 alihubiri kutoka kitabu cha Danieli, na wanasiasa wa KANU wakawaka moto. Ukisoma Danieli 6 utaelewa. Wakubwa wanamwendea mfalme wakidai wote wamekubaliana kuhusu sheria mpya. Danieli, ambaye ni mmoja wa wakuu watatu wa nchi, hakuulizwa. Hiyo imo ndani ya hadithi yenyewe, huhitaji kuongeza chumvi. Lakini lisome kwa sauti katika Kenya iliyokuwa inaelekea kupiga kura ya mlolongo, uone nani atakasirika. Mwaka wa 1989 majambazi walivamia nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa, akapiga kelele, majirani wakaja. Alifariki mwaka wa 2013, akiwa askofu mkuu mstaafu.

Na kinyume chake tumekiona. Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Miili ilipita 400. Upande wa mashtaka unasema waumini walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie amekana mashtaka. Mimi nilichofanya wiki hiyo ni kutafuta kila mahali Biblia inapozungumzia kufunga. Isaya 58 inasema mfungo unaotakiwa ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Na kwenye Luka 8, Yesu anapomfufua binti wa Yairo, agizo lake la kwanza kwa wazazi ni kwamba mtoto apewe kitu ale.

Utauliza, nani ana muda? Mimi nina dakika ishirini, kabla sijagusa TikTok, na daftari la shilingi hamsini. Nasoma kitabu kimoja hadi kiishe. Naandika nani anaongea, anaongea na nani, na kitu gani sijaelewa. Hiyo ya mwisho ndiyo hujaza kurasa. Siku nyingine naandika tu alama ya kuuliza nalala. Itifaki ya Biblia na kamusi yake niliazima kwa mchungaji mmoja mzee, naye alifurahi hadi nikaona haya. Alisema hakuna kijana aliyewahi kumwomba.

Kusoma peke yako pia kuna hatari yake, kwa sababu wewe ndiye hakimu na wewe ndiye mshtakiwa. Kwa hivyo Alhamisi jioni tunakutana watu sita Makutano: Wamethodisti wawili, Mkatoliki, Mwanglikana, dada mmoja wa AIPCA, na jamaa anayesema hana kanisa lakini hukuja na mandazi. Mtu akitoa maana mpya, sheria ni moja tu, aonyeshe imetoka wapi kwenye sura. Mmeru husoma Kimeru, ambapo Mungu ni Mũrungu, mimi nasoma ya shosho, ambapo ni Ngai, na mara nyingi tofauti hizo ndizo hutufanya turudi tena kwenye aya.

Krismasi iliyopita nilimsomea shosho Yeremia 29 yote, kuanzia mwanzo. Alisikiliza akichambua maharagwe. Nilipofika kwenye miaka 70 alinisimamisha, akanifanya nirudie. Halafu akauliza kama wale watu walipanda hizo bustani kweli, ama walikaa tu kungojea. Sikuwa na jibu. Nimeliandika kwenye daftari.

Sisi tuko Warumi sasa. Alhamisi ijayo tunaingia sura ya 9, na jamaa wa mandazi ameshasema hatakuja.