Unauza Simu ya Zamani Kericho? Cheza Chini, Fanya Hii Kwanza

Bonasi ya chai ikiingia, Kericho town huwa na form moja. Buda ameguzwa na KTDA, wewe umepata kitu kidogo, na ile Tecno ya skrini imepasuka lazima iende. Hata ule mwaka bonasi ni ya kulilia, wasee bado wananunua simu, sijui huwa wanatoa wapi. Unaingia kwa duka, fundi anaiangalia ile ya zamani, anasema atakupea ngiri mbili juu yake, unaongezea doo, unatoka na mpya. Mvua ya mchana haijaanza na tayari uko kwa mathree ya Litein ukipiga selfie.

Sasa niambie, kwa ile simu umeacha pale kwa kaunta kuna nini?

Picha ya ID yako, mbele na nyuma, kwa sababu kuna siku ulitumia mtu kwa WhatsApp. Skrinshoti ya KRA PIN. Meseji za M-Pesa za miaka mitatu. Fonbook imeandikwa "Mum", "Dad Kapsoit", "Caretaker", "Babe". Gmail imefunguka, na Gmail ndiyo inafungua vitu zingine zote. Na zile picha zingine, unajua zile nasemea, sitaki tuongee sana.

Watu wengi hufikiria kwamba ukitoa laini umemaliza, ati M-Pesa inakaa kwa laini. Ukweli nusu. Pesa iko kwa laini, lakini hadithi ya pesa iko kwa simu. Mtu akisoma hizo meseji anajua unatumia nani, ngapi, siku gani, na ulibakisha ngapi.

Na sisi watu wa hii side hatuhitaji kuelezwa mambo ya wakora wa simu. Mulot iko tu hapo, mpakani mwa Bomet na Narok, na imekuwa kwa habari miaka mingi juu ya SIM swap. DCI wameshafanya msako huko mara nyingi. (Watu wengi wa Mulot ni wakulima na wafanyabiashara kama wewe, wacheni kuangalia kila mtu wa huko vibaya.) Kazi ya mkora wa aina hiyo inategemea kitu moja: kukujua. Anapiga simu akijifanya customer care, anakutajia majina yako yote matatu, anataja namba ya ID, unalegea. Ama hakupigii wewe, anatumia mathe wako meseji: "Mum, tuma kwa hii namba, yangu iko na shida." Kama anajua huwa unatumiana na mathe kila mwisho wa mwezi, na anajua unamwita Mum na si Mathe, hapo ni mchezo rahisi. Simu ya zamani ambayo haijasafishwa inampea hiyo yote bila jasho.

Sisemi fundi wako ni mwizi. Shida ni kwamba simu haikai kwake. Ananunua, anauza, inaenda Bomet, inaenda Kisumu, hakuna mtu anafuatilia.

"Lakini nilidilete kila kitu." Sawa, tuongee hapo, juu ndipo watu huchezwa.

Ukidilete picha, simu haiifuti hapo hapo. Inaandika tu kwamba hiyo nafasi sasa iko huru, kama shamba umetoa jina ya mwenyewe kwa bango lakini chai bado imesimama. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, mtu mwenye programu ya kurudisha mafaili anaweza kuvuna. Mwaka wa 2014 kampuni ya usalama ya Avast ilinunua simu 20 za Android za mkono wa pili kwa eBay. Zilikuwa za watu waliodhani wamesafisha. Walitoa picha zaidi ya 40,000, na fomu moja ya mkopo imejazwa mpaka mwisho. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walijaribu simu 21 za Android za kitambo ambazo zilikuwa zimefomatiwa kabisa, na kwa asilimia 80 yazo walipata ule ufunguo wa kuingia kwa akaunti ya Google ya mwenye simu. Zimefomatiwa, na bado.

Kabla utupe simu yako kwa mto, tulia. Hizo zilikuwa Android za zamani sana. Simu ambayo ilitoka dukani ikiwa na Android 10 ama ya juu yake huandika data yote kwa mafumbo, na ufunguo wa hayo mafumbo unakaa ndani ya simu yenyewe. Ukifomati, ufunguo unaharibiwa. Mafumbo yanaweza kubaki, lakini hakuna wa kuyasoma. iPhone nazo zimekuwa hivyo miaka mingi. Kwa hivyo kwa simu nyingi za saa hii, kufomati kunatosha. Kile kinawaangusha watu ni mpangilio.

Kwanza hamisha. WhatsApp ifanyie bekapu halafu uifungue kwa simu mpya ukiwa bado na laini yako. Apu za benki na za mkopo, logi auti. Na usianze kufuta picha moja moja kwa Google Photos! Kama akaunti yako inasinki, ukifuta huku zinapotea mpaka kwa simu mpya. Ukilia hapo hakuna mtu atakusaidia. Wacha picha zikae, kufomati kutazibeba.

Pili, toa laini na utoe memori kadi. Memori kadi mara nyingi haiguswi na kufomati, na haina mafumbo yoyote, ni gala iko wazi. Msee anakumbuka kutoa laini lakini kadi ya 32GB ya picha za campus anamwachia mtu amekutana naye leo. Kaa nayo.

Tatu, hii ndiyo kubwa: toa akaunti ya Google kabla ya kufomati. Ingia kwa setingi, tafuta akaunti, ondoa. Kwa iPhone, toka iCloud na uzime Find My. Ukiruka hii, simu itajifunga. Yule amenunua ataiwasha, itamuuliza Gmail ya mwenyewe, na atakupigia: "Boss, nisaidie tu na pasiwadi nifungue." Na watu hupeana! Yaani umeuza simu ngiri mbili, na juu yake umepeana barua pepe, picha na akaunti zote bure. Kama imefika hapo, mkutane town, uandike pasiwadi kwa mkono wako mwenyewe, utoe akaunti, uende.

Ndiyo maana pia usikubali fundi akufomatie kwa ile njia ya kufinya batani ya kuzima na ya sauti. Hiyo haitoi akaunti. Ifanye wewe, kwa setingi, penye imeandikwa "Factory data reset" ama "Erase all data". Hakikisha iko na chaji.

Kama simu ni ya Android 9 kurudi chini, angalia kwa setingi za usalama kama imeandikwa "Encrypted". Kama hapana, na kuna mahali pa kuiwasha, iwashe kwanza halafu fomati. Ikikosa kabisa, fomati, usiingize akaunti yoyote, fungua kamera urekodi video simu ikiwa imelala kifudifudi kwa meza mpaka memori ijae, kisha fomati tena. Itachukua masaa, weka kwa chaja uende ukapige story. Ile video ya giza ndiyo imeandikwa juu ya maisha yako.

Simu ya skrini imekufa ndiyo ngumu, na ndizo fundi hupenda kwa spea. Kama bado inawaka na iko na bando, unaweza kuifuta ukiwa mbali kupitia huduma ya Google ya kutafuta simu, kwa simu ingine. Kama imekufa kabisa, mwuzie skrini, betri na kava, ile bodi ubaki nayo, memori iko hapo. Ukitaka kuigonga na nyundo, toa betri kwanza, hizo hushika moto.

Baada ya kuuza, ingia kwa akaunti yako ya Google na uangalie orodha ya vifaa. Ukiona ile ya zamani bado iko, itoe. Na kama uko Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isifanyiwe SIM swap na ajenti yeyote tu.

Kabambe ya kogo nayo? Usidhani haina kitu. Namba za watoto wote na meseji za pesa ya chai ziko hapo. Nyingi ukirudisha setingi za kiwandani zinabadilisha tu lugha na mlio, meseji zinabaki, kwa hivyo futa namba na meseji kwa mkono halafu ucheki tena. Ama mwachie kogo simu yake, inafanya kazi.

Ukiuza, piga *#06#, andika namba ya IMEI kwa karatasi, jina na ID ya mnunuzi, tarehe, nyote mtie sahihi. Simu ikipatikana kesho kwa mambo mabaya, karao wataanza na wewe.

Na kama ni ya lipa pole pole na hujamaliza, hiyo usiuze. Hata uifomati mara 10, inarudi kujifunga tu, na mnunuzi anajua kwenu.