KIJITI NDANI YA JINO: NGUVU SI UGUMU

Ukiniona paredi nikicheka mpaka jino la mwisho, usidhani meno yote hayo ni mazima. Moja la mbele limesimama kwa msaada wa kijiti. Kwa kuwa wengi wenu huniuliza, "Wee, hicho kijiti hakivunjiki?", leo nitawajibu nyote kwa pamoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Wakati wa likizo tulikuwa tukicheza kandanda na binamu zangu karibu na milima ya Iveti. Niliteleza nikaanguka kifudifudi, jino likakatika nusu. Ndugu yangu akanicheka, eti nimechonga meno kama wazee wa Ukambani wa zamani, waliofanya hivyo kwa urembo. Nikanyamaza. Kumbe usipoziba ufa utajenga ukuta! Baada ya miezi michache ufizi ulivimba, usiku silali. Mama akataka jino ling'olewe, yaishe. Lakini daktari wa meno alipolitazama alisema mzizi ungali mzima, jino laweza kuokolewa.

Alilitoboa, akaondoa kiini kilichooza, akasafisha mfereji wa mzizi na kuujaza gatapacha, kitu kama mpira kitokanacho na utomvu wa mti. Maumivu yakaisha. Ila jino lililobaki lilikuwa fupi, lisingeweza kushika sehemu mpya peke yake. Hapo ndipo kijiti huingia. Daktari alipunguza gatapacha ya juu, akaacha milimita 4 au 5 chini kuziba ncha ya mzizi. Kisha akagundisha kijiti humo, akajenga jino juu yake na kulivika kofia.

Kijiti chenyewe ni cha faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Nilishangaa. "Daktari, si uweke chuma? Chuma ndicho chenye nguvu!"

Akanieleza hivi. Jino hupinda kidogo sana tunapotafuna, hata hatuhisi. Wataalamu hupima ukaidi wa kitu kupinda kwa gigapaskali. Dentini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jino, ina karibu 18. Faiba ina kama 20 hadi 40, titani karibu 110, na chuma kisichoshika kutu karibu 200. Basi jino likipinda, chuma hukataa, kikausukuma mzizi kama kabari. Mzizi ukipasuka kwa urefu, kwa kawaida dawa ni kung'oa. Faiba hupinda pamoja na jino. Ikizidiwa, mara nyingi huchomoka au huvunjika yenyewe, na daktari aweza kuweka nyingine.

Nilipomsimulia babu, hakushangaa hata kidogo. "Kwani mpini wa jembe ni wa chuma? Mpini ukivunjika unachonga mwingine. Tundu la jembe likipasuka, huna jembe."

Vijiti hivi vina historia ndefu. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alieleza vijiti vya dhahabu na fedha. Vya faiba vilianza kutumika huko huko Ufaransa kuelekea mwaka 1990. Vya kwanza vilikuwa vya kaboni nyeusi, vya kioo vikafuata, navyo havionyeshi weusi jinoni.

Lakini jamani, msitoke hapa mkisema kijiti hutia jino nguvu. La! Kazi yake ni kushika sehemu iliyojengwa. Nguvu ni ya jino lenyewe lililobaki. Yafaa ukingo wa angalau milimita 2 ubaki juu ya ufizi, kofia iukumbatie kama pete ya chuma inavyobana pipa. Ukingo huo ukiisha, hata kijiti bora hakitafaa kitu. Ndiyo maana kuchelewa ni hasara, kwani kila siku jino linapooza, ukingo nao unaliwa.

Kwa hivyo ukivunjika jino, usingoje maumivu. Mwone daktari mapema. Na wewe unayefungua soda kwa meno, acha!

Mama aliuza mbuzi wawili kulipia matibabu yangu. Mbuzi watazaliwa wengine, lakini jino la ukubwani likishatoka halioti tena.