Dawa ya kukinga kaiti na turubai dhidi ya jua: Ipime kabla hujafungua pochi

Safu hii wiki hii inaangalia bidhaa ambayo msomaji wa Bisibo, Lusahunga au Benaco anaweza kuiona kuwa ni habari ya watu wa pwani: dawa ya kupuliza au kupaka ambayo wauzaji wake wanadai inazuia jua lisile kitambaa. Wateja wake wakubwa ni wenye vifaa vya kaiti, yaani tiara kubwa za kitambaa zinazomvuta mchezaji aliyesimama juu ya ubao akateleza baharini. Hata hivyo, aliye na maduka mawili ya turubai mjini Biharamulo ana sababu ile ile ya kuifuatilia, kwa kuwa jua ni lile lile na mtaji unaoungua ni wake.

Mchezo huu ni biashara kamili katika pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Paje na Jambiani. Msimu wake hufuata pepo mbili ambazo wazee wetu walizitumia kwa majahazi: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, kuanzia Juni hadi Septemba au zaidi kidogo. Kaiti ya kujazwa upepo ilibuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ambao waliomba hataza mwaka 1984. Leo shule za mchezo huo hununua kaiti kwa mamilioni ya shilingi, huzikodisha kwa wageni, kisha huziuza kama mitumba. Bei ya mtumba hutegemea jambo moja kuliko yote: kitambaa bado kina nguvu au kimeshakuwa kama karatasi?

JUA LINAKULAJE KITAMBAA?

Kaiti nyingi hushonwa kwa kitambaa chepesi cha polista au nailoni, chenye vijumba-jumba vya uzi mnene wa kuzuia mpasuko usiendelee, na juu yake hupakwa utando mwembamba wa kuzuia upepo na maji usipenye. Turubai la kawaida la sokoni ni nyuzi bapa za plastiki zilizofumwa na kupakwa plastiki pande zote mbili. Vyote viwili vimejengwa kwa minyororo mirefu ya molekuli. Mionzi ya jua isiyoonekana, ambayo wataalamu huiita urujuanimno, huikata minyororo hiyo kidogo kidogo, na oksijeni ya hewani huimalizia. Rangi hupauka, utando hupasuka, na siku moja upepo wa kawaida tu unachana kitu ambacho mwaka jana kilikuwa imara.

Mkoa wa Kagera hauna nafuu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mionzi hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Nyanda za Biharamulo na Ngara ziko juu zaidi ya mita 1,000, na ziko karibu zaidi na ikweta kuliko Paje. Kwa upande wake, Paje ina mchanga mweupe unaorudisha sehemu ya mwanga huo, pamoja na chumvi na upepo unaopigisha kitambaa. Kila mahali pana adui wake.

NDANI YA UZI AU JUU YA UZI?

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kusimama na kufikiri. Kinga ya jua inaweza kuwekwa kiwandani, ikachanganywa na plastiki kabla ya uzi kuvutwa, au ikapakwa baadaye juu ya bidhaa iliyokamilika. Tofauti yake Watanzania tumeshaiona kwenye vyandarua. Zamani tulichovya chandarua katika dawa, na ilibidi kurudia kila baada ya miezi 6 hivi kwa sababu dawa ilitoka kwa kufuliwa. Kisha, kuanzia mwaka 2003, kiwanda cha A to Z cha Arusha kikaanza kutengeneza vyandarua vya Olyset ambavyo dawa imo ndani ya uzi wenyewe. Kipimo cha kimataifa cha vyandarua vya muda mrefu ni kustahimili kufuliwa mara 20 na kufanya kazi kwa miaka 3.

Dawa ya kupuliza kwenye kaiti au turubai iko katika kundi lile la kuchovya. Inaweza kusaidia, lakini inakaa juu. Mvua, maji ya bahari, mchanga na kukunjwa vinaiondoa. Kwa hiyo gharama yake halisi ni bei ya chupa moja mara idadi ya chupa utakazohitaji katika uhai wa kifaa.

MAJI KUTELEZA SIYO USHAHIDI

Njia rahisi ya kumvutia mnunuzi wa dawa hii ni kupuliza nusu ya kitambaa, kisha kumwaga maji. Upande uliopulizwa maji yanabingirika kama matone juu ya jani la mgomba, upande wa pili yanalowa. Wateja wanapiga makofi na chupa zinakwenda.

Ndugu msomaji, jaribio hilo linathibitisha kitu kimoja tu, kwamba dawa inafukuza maji. Halisemi lolote kuhusu jua. Kitu kinaweza kufukuza maji na bado kikapitisha mionzi. Aidha, baadhi ya dawa zenye silikoni huacha utelezi unaozuia gundi na viraka kushika. Kaiti iliyochanika ambayo haishiki kiraka imekwisha thamani, hata kama inang'aa.

JINSI YA KUIPIMA MWENYEWE

Maabara kubwa hutumia taa za zenoni kuiga jua, kisha mashine ya kuvuta kitambaa mpaka kikatike. Mfanyabiashara mdogo hana mashine hiyo, lakini ana paa, ndoo na maji. Utaratibu ni huu:

1. Chukua kitambaa kimoja, cha jora moja na rangi moja. Kata vipande 20 vyenye upana sawa wa sentimita 1, vyote kwa kufuata uzi wa upande mmoja.

2. Vigawe katika mafungu manne ya vipande vitano: fungu A halipakwi na linawekwa gizani, B linapakwa na linawekwa gizani, C halipakwi na linawekwa juani, D linapakwa na linawekwa juani. Fungu B ni muhimu, kwani litakuonyesha kama dawa yenyewe inaudhuru uzi.

3. Weka C na D kwenye ubao mmoja juu ya paa, bila kivuli, kwa miezi 3. Vipate jua na mvua. Dawa isiyostahimili mvua haina soko Kagera. Rudia kupaka fungu D kwa muda ule ule ulioandikwa kwenye chupa, wala si zaidi.

4. Mwishoni, zungushia ncha za kila kipande kwenye kijiti, ning'iniza ndoo, na ongeza maji taratibu kwa kikombe cha kipimo mpaka kipande kikatike. Lita moja ya maji ni kilo moja. Usisahau kujumlisha uzito wa ndoo. Kipande kilichokatikia kwenye kijiti usikihesabu. Ni vyema anayepima asiambiwe kipi kimepakwa.

Tuchukue mfano. Fungu A limekatika kwa wastani wa kilo 10, C kwa kilo 6, na D kwa kilo 6.4. Jua limekula kilo 4, na dawa imeokoa kilo 0.4, yaani sehemu moja ya kumi ya hasara. Kama vipande vya C vyenyewe vilitofautiana kati ya kilo 5 na 7, basi hiyo 0.4 inaweza kuwa bahati tu. Lakini kama D limefika kilo 8.5, dawa imeokoa zaidi ya nusu ya hasara, na hapo tunaweza kuanza kuzungumza bei.

HESABU YA MFUKO

Tuseme turubai la sh. 100,000 linadumu miezi 10 bila dawa. Gharama yake ni sh. 10,000 kwa mwezi. Dawa inahitaji chupa ya sh. 8,000 kila miezi 2, yaani sh. 4,000 kwa mwezi. Ili mwenye turubai asipate hasara, turubai lenyewe linapaswa kumgharimu si zaidi ya sh. 6,000 kwa mwezi, maana yake lidumu karibu miezi 17. Dawa inayolifikisha miezi 13 imefanya kazi kwa macho ya fundi, lakini imekutia hasara kwa macho ya mhasibu.

Kwa kaiti ya mamilioni hesabu hubadilika, kwa kuwa chupa ni sehemu ndogo ya bei ya kifaa. Mwenye shule ya Paje anaweza kupata faida kwa dawa ile ile inayomtia hasara mwenye turubai wa Bisibo. Kwa sababu hiyo, usikubali sifa za bidhaa kutoka soko jingine bila kuingiza bei zako mwenyewe.

Na kuna hesabu ya hatari. Mchezaji ambaye kaiti yake inachanika mbali na ufuko anabaki na ubao na kamba. Mkulima au msafirishaji ambaye turubai lake linaachia njiani kati ya Nyakanazi na Rusumo anafikisha mahindi yaliyolowa, na mahindi yaliyolowa huota ukungu na kuleta sumukuvu, nayo humpotezea mnunuzi. Mzigo mmoja uliokataliwa unazidi bei ya matutubai mengi mapya. Kwa hiyo hata dawa nzuri isikufanye uahirishe kubadili kitambaa kilichochoka.

USHAURI WETU

Kwanza, tumia kinga isiyo na bei: kivuli. Kaiti isiachwe ufukweni imejazwa upepo wakati haitumiki. Isuuzwe kwa maji baridi, ikauke kivulini, iingie mfukoni. Turubai likishamaliza kazi ya kuanika lisibaki uwanjani hadi jioni.

Pili, unaponunua kwa jumla, muulize muuzaji kama kinga ya jua ilichanganywa kiwandani, na uone karatasi za kiwanda. Kulipa zaidi kidogo kwa kitambaa kama hicho mara nyingi ni busara kuliko kununua cha bei poa ukakihudumia kwa chupa. Mwenye oda kubwa na aulizie huduma ya maabara ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Tatu, anayetaka kuwa wakala wa dawa hii asichukue katoni kabla ya chupa moja kukaa juu ya paa lake kwa miezi 3. Muuzaji mwenye bidhaa ya kweli atakubali kusubiri. Anayesema ofa inaisha kesho amekwisha kukupa jibu la jaribio lako bila kutumia hata ndoo moja ya maji.