Kushuka, Kushusha na Kushukia: Somo la Kiingereza katika Kituo cha Kiboriloni

Daladala itokayo Moshi mjini kwa barabara ya Himo inapokaribia Kiboriloni, kondakta huuliza: "Kuna wa kushuka Kiboriloni?" Abiria mmoja hujibu kwa neno moja tu: "Shusha!" Gari husimama. Watu wanashuka, mikungu ya ndizi na marobota ya mitumba yanashushwa, na waendao Kidia wanatafuta gari jingine la kupanda mlimani. Katika dakika hiyo moja kitenzi kimoja cha Kiswahili kimetumika kwa sura tatu, na hakuna aliyehitaji kufikiri.

Mwanafunzi wa sekondari aliyemo garini, akitakiwa kueleza habari hiyo kwa Kiingereza, atakutana mara moja na kitenzi kifupi, "get". Kamusi humwambia kwamba maana yake ni kupata. Lakini kushuka garini ni "get off", kupanda ni "get on", kutoka ni "get out", kuamka ni "get up", na kurudi ni "get back". Katika yote hayo hakuna aliyepata kitu chochote. Je, kule kupata kumekwenda wapi?

Kazi ya neno dogo

Katika matumizi haya kitenzi "get" kimebaki na maana finyu ya kufikia mahali au hali fulani. Ni kielezi kinachokifuata ndicho kisemacho mwendo umeelekea wapi: juu, chini, ndani, nje au nyuma. Mwaka 1985 mtaalamu wa isimu wa Marekani, Leonard Talmy, alieleza kwamba lugha hutofautiana katika jambo hili. Ziko lugha ziwekazo njia ya mwendo ndani ya kitenzi chenyewe, na ziko ziiwekazo katika neno dogo la pembeni. Kiingereza ni cha kundi la pili. Kiswahili hutumia sana mtindo wa kwanza: panda, shuka, ingia, toka, vuka na rudi ni vitenzi vilivyokwisha kubeba njia yake ndani. Asemaye "panda juu" au "ingia ndani" anakazia tu jambo ambalo kitenzi kimekwisha kulisema.

Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi daima. Hapo kale kilitumia sana viambishi vilivyotangulia kitenzi. "For" iliyomo katika "forget" ni mabaki ya desturi hiyo. Baadaye viambishi vingi vilififia, na vielezi vinavyofuata kitenzi vikachukua kazi yao. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba miungano ya namna hii huwapa wageni taabu kubwa kuliko zote. Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanzania anayetatizika hana haja ya kujidharau.

Mkia wa kitenzi

Sasa na tuutazame mzigo uliomo garini. Mtu akishuka, Mwingereza husema "get off". Mzigo ukishushwa, husema "get the load off". Kitenzi ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mtendwa ameingizwa kati ya kitenzi na kielezi. Kiswahili hakiingizi kitu kati. Hubadili mkia wa kitenzi. Shuka huwa shusha, ingia huwa ingiza, amka huwa amsha, na toka huwa toa. Mahali pa mtendwa katika Kiingereza ni pa kuangaliwa sana. Ukisema "get off the bus", umeshuka katika basi; ukisema "get the bus off", basi lenyewe ndilo linaloshushwa! Na mzigo ukitajwa kwa kiwakilishi, ni lazima kiwakilishi hicho kikae katikati: "get it off". Kiswahili nacho hukitia kiwakilishi ndani, lakini ndani ya neno lenyewe: "ushushe".

Mkia mwingine ni ule wa kauli ya kutendea. Mtu huhama nyumba ya zamani na kuhamia mpya. Mwingereza atatumia "move" kwa yote mawili, kisha atofautishe kwa "out" na "in". Hali kadhalika, abiria hushuka garini, lakini hushukia Kiboriloni. Mkia huu umo pia katika lugha za mlima huu. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha uchunguzi juu ya vitenzi vya Kichaga, hasa Kivunjo kisemwacho mashariki ya Kiboriloni, na tangu hapo mifano ya lugha hiyo hutajwa na wanaisimu duniani kote.

Faida darasani

Jambo hili si la somo la Kiingereza peke yake. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Maneno magumu ya sayansi huandikwa ubaoni na kufafanuliwa. Maneno madogo hupita bila kuelezwa. Kitabu cha biolojia kikisema kwamba jani katika mwanga "takes in" kaboni dayoksaidi na "gives off" oksijeni, mwanafunzi aliyekariri kwamba "give" ni kupa atauliza: linampa nani? Akijua kwamba "off" huonyesha kuachana na kitu, ataelewa kwamba jani linatoa oksijeni, nayo inakwenda zake hewani.

Yafaa basi mwanafunzi aanze na mwendo unaoonekana, kisha auendee usioonekana. "Get over" ni kuvuka kizuizi. Kwa hiyo pia ni kupona ugonjwa au kuishinda huzuni. Kiswahili hufuata njia hiyo hiyo tunaposema kwamba bei imepanda, homa imeshuka, au mgonjwa amevuka hatari. Ipo miungano isiyokisika, kama "get on" yenye maana ya kupatana na mtu. Hiyo haina budi kukaririwa.

Zoezi

Simama kituoni kwa robo saa na uandike kila kitenzi cha mwendo utakachokisikia. Kiandike kwa Kiingereza, ukitumia "get" na kielezi kifaacho. Kisha jiulize: katika Kiswahili, njia imekaa katika shina, katika mkia, au katika neno la pembeni? Atakayeweza kujibu hataisoma tena "get" kama kupata kila aionapo.