Tupunguze Mwanga, Betri Ifike Alfajiri: Sakiti Ndogo ya Mosfeti



Wakubwa mlioishi hapa Unguja mnakikumbuka kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa gridi. Wengi wetu tunaosoma sasa tulikuwa hatujazaliwa. Siku hizi nyumba nyingi zina kipaneli cha sola na betri ya volti 12, na umeme ukikatika watu huhamia huko. Tatizo lililobaki ni kwamba betri ndogo haifiki alfajiri.

Hebu tupige hesabu. Chukua betri ya risasi ya ampia-saa 7, ile ya ukubwa wa tofali dogo, na mkanda wa taa za LED wa wati 10. Wati 10 ukizigawa kwa volti 12 unapata ampia 0.83. Betri ya aina hii haipendi kukamuliwa mpaka mwisho. Ukitaka idumu, tumia nusu yake tu, yaani ampia-saa 3.5. Gawa 3.5 kwa 0.83, jibu ni saa 4 na kitu. Ukiwasha saa mbili usiku baada ya Isha, inapofika saa sita na dakika chache haki ya betri imekwisha. Nao ni wakati ambao hakuna anayehitaji mwanga mkubwa. Watoto wamelala, na mama mwenye mtoto mchanga anataka mwanga wa kumwona mwanawe tu. Lau taa ingetumia robo ya umeme, betri ile ile ingekwenda saa 16, na sisi tukaamka kwa daku nayo bado inawaka.

Basi swali letu ni hili: mwanga tunaupunguza vipi bila ya kuutupa umeme? Maana kuna njia ya kupunguza mwanga ambayo haiokoi betri kama inavyodhaniwa. Inapunguza mwanga na kuugeuza umeme kuwa joto.

Kifaa tutakachotumia kinaitwa mosfeti. Ni aina ya transista, na jina lake ni herufi za mwanzo za maneno yanayotaja tabaka zake za metali, oksaidi na semikondakta. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1959 katika maabara za Bell nchini Marekani na Mohamed Atalla, Mmisri mzaliwa wa Port Said, pamoja na Dawon Kahng, mzaliwa wa Seoul, Korea. Simu iliyomo mfukoni mwa baba yako ina mabilioni ya mosfeti ndani ya chipu moja. Atalla huyo huyo, miaka ya 1970, alianzisha kampuni iliyotengeneza kifaa cha kulinda namba za siri za mashine za kutolea pesa. Jina lake halitajwi sana maskulini kwetu, nasi tunaona lingefaa kutajwa.

Mosfeti tuliyoichagua ni IRFZ44N. Ni ya bei nafuu, na mafundi wengi wanaijua. Inastahimili volti 55 na mkondo mkubwa kuliko taa yoyote ya nyumbani ya volti 12. Ina miguu mitatu. Ukiishika maandishi yakikutazama na miguu ikielekea chini, wa kushoto ni geti, wa katikati ni dreni, na wa kulia ni sosi. Bati la mgongoni limeungana na dreni, kwa hiyo lisiguse chuma chochote.

Geti maana yake ni lango, na kweli ndilo linaloamrisha. Mkondo wa taa hupita baina ya dreni na sosi. Geti lenyewe limetengwa na njia hiyo kwa utando mwembamba sana wa oksaidi ya silikoni, kitu kilicho jamaa moja na kioo. Umeme haupiti kwenye kioo. Ila ukiweka volti juu ya geti, nguvu yake huvuka utando ule na kuzivuta elektroni zije chini yake, zikajipanga, njia ikafunguka. Ukiiondoa volti, elektroni hutawanyika na njia hufungika. Lango linaamrisha bila ya kula mkondo.

Msitusadiki kwa maneno tu, jaribuni. Unganisha taa ndogo ya gari ya volti 12, wati 5, baina ya chanya ya betri na dreni. Sosi iende hasi ya betri. Sasa chukua waya kutoka chanya uguse geti, kisha uutoe. Taa inawaka, na waya umeshatoka lakini bado inawaka! Umeme uliouweka kwenye geti hauna pa kwenda. Gusisha geti na hasi, taa inazima. Darasani kwetu jaribio hili limefundisha zaidi kuliko michoro yote ya ubaoni. Kumbuka pia kwamba geti likiachwa hewani hubaki na amri ya mwisho, au hupokea amri kutoka kwenye kidole chako. Ndiyo maana baadaye tutaweka rizista ya kilo-ohmu 10 kutoka geti kwenda hasi.

Sasa ile njia isiyookoa betri. Chukua kipingamizi cha kuzungusha cha kilo-ohmu 100, ambacho mafundi wa redio hukiita volyumu. Mguu mmoja wa pembeni uunge chanya, wa pembeni mwingine hasi, wa katikati kwenye geti. Zungusha taratibu. Mwanzoni hakuna kitu. Ukifika baina ya volti 2 na 4 taa inaanza kuwa nyekundu, na kwa kuzungusha kidogo tu inafika mwanga wote. Sehemu iliyobaki ya volyumu haifanyi lolote. Mwanga umepungua, ndiyo, lakini sogeza kidole karibu na mosfeti bila ya kuigusa. Inachoma.

Sababu yake mwanafunzi wa Fomu Tatu anaiweza. Joto katika kifaa ni volti zilizo juu yake mara mkondo unaopita. Tuseme taa ni ya wati 21, ile ya indiketa ya gari. Ukiipa nusu ya volti, taa inapata 6 na mosfeti inabaki na 6, huku mkondo wa ampia 1 na ushei ukipita kote kuwili. Mosfeti inapokea wati 6 hadi 7 za joto. IRFZ44N isiyo na bati la kupoza hupanda takriban digrii 60 kwa kila wati moja. Zidisha, utapata digrii 400 kwa hesabu, na kifaa chenyewe mwisho wake ni digrii 175. Itakufa kabla hujamaliza kuzidisha. Unaweza kuifunga kwenye bati kubwa la alumini ikapona, lakini betri haiponi, kwa sababu nusu ya umeme unaotoka inapasha moto bati.

Angalieni sasa pande mbili za mwisho. Mosfeti ikifungwa kabisa, mkondo ni sifuri, kwa hiyo joto ni sifuri. Ikifunguliwa kabisa, upinzani wake ni kama ohmu 0.0175 tu, na kwa taa hiyo hiyo ya wati 21 joto ni kama wati 0.05 tu, mkono hausikii. Taabu yote iko katikati. Basi tusikae katikati. Tuifungue kabisa, tuifunge kabisa, mara 1000 kwa sekunde. Tukitaka robo ya mwanga, iwe wazi robo ya muda na imefungwa robo tatu. Macho hayawezi kufuata kasi hiyo, kama yasivyoweza kuyahesabu mapanga ya pangaboi linapozunguka. Yanaona mwanga mmoja uliotulia. Na ajabu ni kwamba robo ya mwanga haionekani kama robo. Macho huiona kama nusu hivi, maana jicho hujirekebisha lenyewe. Faida hiyo tunaipata bure.

Wa kuwasha na kuzima kwa kasi hiyo ni chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na hadi leo inauzwa. Ina miguu 8. Chipu ikiwa imelala mgongo juu, mguu wa kwanza uko kwenye nukta, na hesabu inakwenda kinyume cha mshale wa saa.

Vitu vya kununua: chipu ya 555, mosfeti ya IRFZ44N, volyumu ya kilo-ohmu 100, dayodi mbili za 1N4148, kapasita mbili za nanofaradi 10 (zimeandikwa 103), rizista za ohmu 100, kilo-ohmu 1 na kilo-ohmu 10, na fyuzi ya ampia 3 na kishikio chake. Vingine utavipata kwa fundi redio ndani ya mashine mbovu, ukimwomba kwa adabu.

Fyuzi ianze, karibu kabisa na chanya ya betri. Kutoka kwenye fyuzi, chanya iende kwenye mguu wa 8 na wa 4 wa 555, na kwenye upande wa chanya wa taa. Mguu wa 1 uende hasi. Mguu wa 2 na wa 6 uunganishe pamoja, kisha kutoka hapo kapasita moja iende hasi. Kapasita ya pili itoke mguu wa 5 kwenda hasi. Mguu wa 7 uache. Mguu wa 3 ndio unaotoa amri, na una kazi mbili. Kwanza, kupitia rizista ya kilo-ohmu 1, unakwenda kwenye mguu wa katikati wa volyumu. Kila mguu wa pembeni wa volyumu unapata dayodi yake, na dayodi zote mbili zinakutana pale 2 na 6 zilipoungana. Moja ielekeze mstari wake huko, nyingine iugeuze. Pili, kupitia rizista ya ohmu 100, mguu wa 3 unakwenda kwenye geti. Rizista ya kilo-ohmu 10 itoke geti kwenda hasi. Sosi iende hasi, na dreni ipokee upande wa hasi wa taa.

Kinachotokea ni hiki. Kapasita inajazwa kupitia dayodi moja na upande mmoja wa volyumu, kisha inamwagwa kupitia dayodi nyingine na upande wa pili. Wakati wa kujaza taa inawaka, wakati wa kumwaga taa inazima. Ukizungusha volyumu, unachokipunguza kwa mmoja unamwongezea mwenzake, kwa hiyo kasi haibadiliki sana ila mgao wa muda ndio unaobadilika. Sakiti yenyewe hula miliampia 10 hivi, si kitu mbele ya taa.

Tahadhari, na hapa wazazi tunaomba mtusomee watoto kwa sauti. Sakiti hii ni ya betri ya volti 12 tu. Isiunganishwe kabisa na umeme wa ukutani wa volti 230. Kwanza unaua. Pili haifai kitu, kwa sababu ndani ya mosfeti mna dayodi ya asili inayopitisha umeme kinyume, na umeme wa ukutani hugeuka upande mara 100 kwa sekunde. Nusu ya mawimbi ingepita bila ya kuomba ruhusa ya geti. Tena, chukueni umeme kwenye betri au kwenye sehemu ya taa ya kidhibiti cha sola, si kwenye paneli yenyewe. Paneli ya volti 12 isiyo na mzigo hutoa hata volti 21, na 555 ya kawaida mwisho wake ni 16. Ama kuhusu taa, mkanda wa LED wa volti 12 unakubali vizuri, na taa za gari pia. Balbu za LED zenye sakiti yake ndani mara nyingine humetameta au hukataa kupungua; hizo ziacheni.

Ikiwa taa haiwaki kabisa, tazama kwanza mguu wa 4, ndio unaosahauliwa zaidi. Ikiwaka lakini haipungui hata ukizungusha mwisho hadi mwisho, pima kama dreni na sosi zimeshikana. Ikiwa ndivyo, mosfeti imekufa, na mara nyingi imeuliwa na cheche ndogo ya mwilini kabla hata ya kuungwa, hasa ukitoka juu ya zulia la nailoni. Guseni bomba la maji la chuma kabla ya kuishika. Dayodi zikielekea upande mmoja, 555 haitapiga kabisa. Na atakayependa kuitumia sakiti kwa feni ndogo ya volti 12 yenye mota ya brashi, aongeze dayodi ya 1N5822 sambamba na mota, mstari wake ukiwa upande wa chanya, kwani mota inapokatwa ghafla hurudisha volti kali zinazoweza kuitoboa mosfeti.