Je, Wajua? Gari la Deraya Lenye Tumbo la V

Gari la deraya lililoundwa kupita mahali palipotegwa mabomu hutambulika kwa tumbo lake. Likitazamwa kwa mbele, chuma cha chini ya sakafu si bapa kama cha lori la kawaida. Kimeinama kutoka pande zote mbili na kukutana katikati, kikafanya herufi V. Abiria huketi juu sana kutoka ardhini. Magurudumu yamesukumwa nje ya bodi, na ekseli imefungwa kwa bolti nje ya chuma cha deraya ili mlipuko ukitokea ing'oke yenyewe na kuwaacha watu salama. Injini, gia, vioo na unene wa kuta huja baada ya hayo.

Umbo hilo lilizaliwa kusini mwa Afrika, lakini kisa chake kinapita Iringa na Mbeya. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru nchini Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na muda si mrefu Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta iliyopita humo. Mapipa yakaanza kubebwa na malori kutoka Dar es Salaam, yakipanda Kitonga na kupita Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kwenye barabara ya udongo iliyoua madereva wengi kabla bomba la TAZAMA halijaanza kazi mwaka 1968. Nyanda hizo hizo za Iringa na Mbeya ziliwapokea wapigania uhuru wa Rhodesia. Chama cha ZANU kilipewa kambi Itumbi, katika eneo la dhahabu la Chunya, na baadaye Mgagao, katika vilima vya Kilolo. Huko wakufunzi wa Kitanzania na wa Kichina waliwafundisha vijana wa jeshi lake, ZANLA, mbinu za vita vya msituni.

Desemba 1972 wapiganaji wa ZANLA, waliokuwa wakiingia kupitia jimbo la Tete nchini Msumbiji kwa msaada wa FRELIMO, wapigania uhuru wa nchi hiyo, walishambulia shamba la Altena kaskazini-mashariki mwa Rhodesia. Shambulio hilo lilifuatwa na mabomu ya kutegwa barabarani. Jeshi la Smith lilikuwa na ndege na helikopta, lakini askari wake walisafiri kwa Land Rover na malori ya Bedford, magari yenye sakafu bapa iliyo karibu na ardhi. Kijana aliyetembea usiku kucha na sahani ya chuma mgongoni aliweza kulifunga eneo zima la barabara za vumbi.

Sahani hiyo mara nyingi ilikuwa bomu la Kisovieti la TM-46 au TM-57, lenye kilo 6 hivi za TNT. Hufukiwa sentimita chache tu, na husubiri uzito wa kilo 120 au zaidi ndipo lilipuke. Gurudumu likilikanyaga, mpasuko huenea ndani ya baruti kwa kasi ya karibu mita 6,900 kwa sekunde. Gesi ya moto huutupa juu udongo wote uliolifunika bomu, na udongo huo, pamoja na gesi iliyo nyuma yake, ndio unaolipiga gari. Wengi hudhani hatari kubwa ni vipande vya chuma. Kwa bomu lililofukiwa, pigo kubwa ni la gesi na mchanga.

Pigo hilo likikuta sakafu bapa huishia hapo hapo. Chuma huvimba kuelekea juu, na miguu ya abiria iko juu yake. Likikuta V, sehemu kubwa ya nguvu huteleza pembeni na kupotelea hewani, jinsi maji ya mvua yanavyoshuka kwenye paa la mgongo badala ya kutuama. Ndiyo maana V ya chuma chembamba yaweza kuokoa watu ambao sakafu bapa ya chuma kinene zaidi ingewaua. Kimo nacho huchangia: pengo kati ya ardhi na tumbo likiongezeka maradufu, shinikizo linalofika kwenye chuma hupungua kwa zaidi ya nusu. Na bomu la kukanyagwa hulipukia chini ya gurudumu, kwa hiyo gurudumu likiwa mbali na chumba cha abiria, mlipuko pia huwa mbali.

Chuma kikinusurika, mtu bado yumo hatarini. Katika milisekunde chache za mwanzo sakafu husukuma visigino na kuvunja mifupa ya kifundo na ugoko. Kisha gari zima huruka, kiti kikapiga makalio kutoka chini na pingili za kiuno zikabanwa hadi kupasuka. Baadaye gari huanguka, pengine kwa ubavu, na asiyefunga mkanda hugonga paa kwa kichwa. Kwa sababu hiyo, kiti cha gari la namna hii hakisimamishwi juu ya sakafu. Huning'inizwa kwa mikanda kutoka ukutani au darini, kikiwa na chuma laini au kamba maalumu inayokubali kunyooka ili kumeza sehemu ya pigo. Miguu huwekwa kwenye kikanyagio kisichogusa sakafu, na mkanda hushika mabega yote mawili na kiuno. Jeki, spana na debe la maji hufungiwa kwenye makabati. Jeki ya kilo 8 inayoruka ndani ya chumba cha chuma huua sawa na risasi, na wapo askari waliotoka wazima kwenye mlipuko wakaumizwa na mizigo yao wenyewe.

Majibu ya mwanzo ya mafundi wa Rhodesia yalikuwa ya dharura: mifuko ya mchanga sakafuni, mabamba ya chuma chini ya viti, maji ndani ya matairi ili yapoze na kupunguza mlipuko. Mwaka 1974 mhandisi Ernest Konschel alitoa gari dogo lililoitwa Leopard, lenye injini ya Volkswagen na chumba cha V, magurudumu yakiwa kwenye ncha zilizotengenezwa ili zikatike. Kazi yake ya kistadi zaidi ni ile ya mwaka 1976, gari la mtu mmoja liitwalo Pookie. Lilikuwa jepesi na lilivaa matairi mapana ya magari ya mashindano, kiasi kwamba kila sehemu ya ardhi ilibanwa kidogo mno kuweza kuamsha bomu. Pookie ilitangulia mbele ya msafara ikiwa na vipima-chuma kila upande, na dereva alisimama mara kengele ilipolia. Magari mengine yalijengwa kustahimili mlipuko. Hili lilijengwa lisiuamshe kabisa.

Afrika Kusini, iliyokuwa na vita vyake Namibia na Angola, ilichukua maarifa hayo na kuyakuza. Ilianza na Hippo juu ya chasisi ya Bedford, ikafuata Buffel kwa vipuri vya Unimog, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaja Casspir. Casspir ina uzito wa karibu tani 11 na hubeba watu 14. Iliundwa kuhimili mlipuko sawa na kilo 21 za TNT chini ya gurudumu, au kilo 14 chini ya tumbo. Baada ya mlipuko, gurudumu na ekseli huonekana vimetupwa porini, tumbo limechubuka rangi, na mafundi hufunga ekseli mpya kwa bolti. Ni haki kusema pia kwamba katika miaka ya 1980 Casspir hiyo hiyo iliingizwa kwenye vitongoji vya Waafrika kuzima maandamano. Chuma humlinda aliye ndani, awe nani.

Baada ya uvamizi wa Iraq, Marekani ilijikuta katika hali ile ile ya askari kulipuliwa barabarani, na ikageukia elimu hiyo ya kusini mwa Afrika. Kuanzia mwaka 2007 ilinunua zaidi ya magari 20,000 ya aina hiyo. Yaliokoa maisha, lakini nchini Afghanistan yalionesha udhaifu wake, na udhaifu huo ungeonekana haraka vilevile mtu akiyapeleka Kilolo au Mbarali.

Udhaifu wenyewe ni wa hesabu. Gari hupinduka pale ambapo kitovu cha uzito kinavuka mstari wa tairi za upande wa chini. Tuseme tairi za kushoto na kulia zimeachana mita 2. Kitovu cha uzito kikiwa mita 1.25 kutoka ardhini, gari tuli litavumilia mwinamo wa karibu nyuzi 39. Kikiinuliwa hadi mita 1.6 kwa ajili ya tumbo la V, mpaka hushuka hadi nyuzi 32. Kwenye kona, kasi na kuyumba kwa springi hupunguza kiasi hicho zaidi. Hivyo kimo kinachomwokoa abiria dhidi ya bomu ndicho kinachomhatarisha kwenye ukingo wa barabara. Magari mengi ya kwanza ya Marekani yaliangukia mitaroni na mitoni bila bomu lolote kulipuka, kwa sababu tu kingo za barabara za vijijini zilimomonyoka chini ya uzito wake.

Jibu lake lilikuwa gari la deraya la kupita kila mahali, M-ATV, lililotengenezwa na kampuni ya Oshkosh kuanzia mwaka 2009. Liliwekwa V fupi zaidi na uzito ukapunguzwa hadi tani 12 na ushei. Ekseli nzima ya kizamani iliachwa, kila gurudumu likapewa springi yake lenyewe, lipande na kushuka karibu sentimita 40. Gurudumu moja likiingia shimoni, mengine matatu hubaki ardhini na bodi haiinami sana. Dereva pia anaweza kupunguza upepo wa matairi akiwa kwenye kiti chake, tairi ikatanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi la tope.

Nyanda za Juu Kusini zingelijaribu gari kama hilo kwa kila namna. Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, inadai breki: gari la tani 12 au 14 likishushwa kwa breki za miguu pekee huzichoma, kwa hiyo lazima liwe na breki ya injini yenye nguvu na dereva anayejua kuweka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza. Mteremko wa Iwambi, kati ya jiji la Mbeya na Mbalizi, unadai hayo hayo. Mwinuko nao hula nguvu. Injini ya dizeli isiyo na tabochaja hupoteza kama asilimia 1 kwa kila mita 100 za kupanda, na Mbeya mjini, penye mita 1,700 hivi, inakuwa imepoteza takriban asilimia 17. Usangu ni mtihani wa aina nyingine. Udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hauna chini. Gari zito huzama hadi tumbo, na V ikishakaa kwenye tope huganda kama kabari. Hapo difu loki, matairi mapana na winchi vina thamani kuliko nusu inchi ya chuma cha ziada. Njia za Kilolo zina udongo mwekundu unaoteleza na vidaraja ambavyo havikujengwa kwa ajili ya tani 14. Kwa nchi ya namna hiyo, wepesi ni sehemu ya ulinzi.

Mlipuko si hatari pekee. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa Darfur katika shambulio la kuvizia, si kwa bomu la ardhini. Kuta za magari haya hutengenezwa kwa chuma kigumu maalumu, na vioo kwa tabaka za kioo na plastiki ngumu zilizogandishwa pamoja. Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani, STANAG 4569 cha NATO, hutenganisha uwezo wa kuhimili risasi na uwezo wa kuhimili mabomu. Ngazi ya 2 ya mabomu ni kilo 6, ya 3 ni kilo 8 na ya 4 ni kilo 10. Kila ngazi huongeza uzito, na mlango wenye mamia ya kilo lazima ufunguke kirahisi hata gari likilala ubavu. Kioo ndicho huchakaa mapema katika nchi zetu: jua hutenganisha tabaka zake, yakatokea mawingu meupe pembeni.

Afrika Mashariki imeyafahamu magari haya hasa kupitia Somalia. Vikosi vya Uganda, vilivyoingia Mogadishu Machi 2007 chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, vilitembelea Casspir katika mitaa iliyojaa mabomu ya Al-Shabaab. Kenya, baada ya magari mengi ya polisi kulipuliwa Lamu, Garissa na Mandera, iliagiza Uturuki magari 118 aina ya Hızır. Uganda ilionesha gari lake, Chui, mwaka 2022. Tanzania ina Shirika la Nyumbu, Kibaha, lililobuni lori la jeshi la kupita porini.

Casspir zenyewe, vita vilipokwisha, nyingi zilifungwa vifaa vya kutafuta mabomu na kupelekwa kusafisha barabara za Msumbiji. Walifanya kazi nchini humo pia panya buku waliofundishwa Morogoro na shirika la APOPO, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya hao wana kilo moja hivi na hupita juu ya bomu bila kuliamsha, kanuni ile ile ya Pookie. Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba imemaliza kuondoa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana katika ardhi yake.