Mguu Usiouma

Mgonjwa wa kisukari afikapo kliniki hupimwa sukari na shinikizo la damu, huandikiwa dawa, kisha huondoka bila kuvua viatu. Mara nyingi hakuna amwulizaye habari za miguu, naye hasemi lolote kwa kuwa haimuumi. Hapo ndipo penye hatari.

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu kuliko yote, iendayo vidoleni mwa miguu, ndiyo hutangulia kufa ganzi. Mgonjwa hukanyaga msumari asijue. Wengine huloweka miguu katika maji ya moto ili kuondoa ganzi, wakaungua bila kuhisi. Mzunguko wa damu nao ukiwa hafifu, kidonda kidogo chaweza kuoza hata mguu ukakatwa, ilhali huenda ungeokolewa kama ungetazamwa mapema.

Kupima ganzi hakuhitaji mashine. Ukiwapo uzi maalumu wa nailoni wa gramu 10, na utumike. Usipokuwapo, kidole cha mhudumu chatosha. Njia hiyo ilibuniwa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa hufumba macho. Mhudumu humgusa kwa wepesi, kwa sekunde 1 hadi 2, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Kila kidole kiguswe mara moja tu, bila kusukuma wala kugongagonga, kwani kusukuma huamsha hisia za namna nyingine na kumdanganya mpimaji. Mgonjwa hutamka “kulia” au “kushoto” kila ahisipo. Asipohisi vidole 2 au zaidi kati ya 6, hisia za miguu zimepungua na yu hatarini. Kipimo kifanywe walau mara 1 kwa mwaka. Aliyewahi kupata kidonda, miguu yake ichunguzwe kila baada ya mwezi 1 hadi 3.

Nyumbani, nyayo zitazamwe kila siku kwa kioo, au kwa macho ya mjukuu. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Mafuta yapakwe kisiginoni, si katikati ya vidole. Sugu isikatwe kwa wembe. Wengi wameanzia hapo. Kidonda kikionekana, hata kisipouma, mgonjwa aende kituo cha afya siku ileile, na asiukanyagie mguu huo kadiri awezavyo.